Boza la Maji na Kurasa Kumi na Moja

“Binti yangu, huu mto ulioandika humu, ulifika ukauona?”

Mzee, fomeni wetu anayesimamia mafundi na vibarua saiti, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika kurasa kumi na moja za zabuni nilizoandika mimi. Kingo zake zilikuwa zimeingia vumbi jekundu. Ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mhandisi kijana wa saiti alikuwa amemtafsiria aya moja moja, na walipofika kwenye aya ya maji Mzee akasema waishie hapo, mwenye maandishi ataulizwa akifika. Ilikuwa Septemba 2016, kwenye barabara ya changarawe ya kilomita 12 huko kusini. Nilikuwa nakanyaga saiti ile kwa mara ya kwanza, miezi mitano tangu nieleze kwa kujiamini namna kazi yake itakavyofanyika.

Nilimwambia ukweli. Sikuuona. Niliutoa kwenye ramani.

“Umekauka,” alisema. “Toka mwezi wa nane hauna hata tope. Boza linafuata maji kilomita 17.”

Kwenye maandishi yangu maji yalikuwa kilomita mbili.

Ninaandika zabuni za ujenzi tangu 2012. Watu wakisikia neno tenda akili zao hukimbilia kwenye rushwa na kujuana, na mengi yameshasemwa kuhusu hayo. Mimi nataka kuzungumzia maneno yenyewe. Kampuni inapoomba kazi haiandiki bei peke yake. Inaeleza kazi itafanywaje, kwa mitambo ipi, na watu gani, kwa muda gani. Ikishinda, zabuni ile inakuwa sehemu ya mkataba. Aya niliyoipamba usiku ofisini inageuka kuwa deni la mtu mwingine, na mtu huyo mara nyingi hakuulizwa.

Nieleze kwa nini zile kilomita 15 za ziada zilituumiza. Tabaka la changarawe lilikuwa na upana wa mita 5.5 na unene wa sentimita 15. Kwa kilomita 12 hizo ni mita za ujazo 9,900 baada ya kushindiliwa. Changarawe kavu haishindiliki. Inamwagiwa maji, greda inaichanganya na kuitandaza, shindilia, ule mtambo wa gurudumu zito la chuma, linapita na kurudi, kisha mtu wa maabara anapima kama imefikia kiwango. Kwa changarawe ile tulihitaji maboza zaidi ya mia moja ya lita 10,000, na jua la Septemba linakunywa fungu lake kabla greda haijageuza. Dizeli ya boza tungeistahimili. Kilichotumaliza ni kusubiri. Greda imesimama, shindilia limesimama, tipa zimepanga foleni, waendeshaji wanahesabiwa siku zao, vibarua wamejilaza chini ya mti, na wote hao wanasubiri boza moja. Hatujafika kilomita ya tisa, mvua za Desemba zikaanza. Changarawe tuliyokuwa tumeimwaga bila kuishindilia ikageuka tope, tukaikwangua na kuanza upya.

Zabuni niliiandika Aprili nikiamini tutaanza kazi Juni, mto ukiwa bado una maji. Mkataba ukasainiwa mwezi wa nane. Hakuna aliyevunja utaratibu. Nyaraka zilisema zabuni itakuwa hai kwa siku 120, na taasisi nunuzi, yaani ile inayotoa kazi, ina haki ya kuzitumia zote. Nililisoma sharti hilo, nikalikubali kwa niaba ya kampuni, nikaweka saini mahali pake. Sikukaa nikajiuliza ule mto utakuwaje baada ya siku 120.

Jioni ile Mzee alinichukua hadi kwenye lundo la changarawe iliyokwisha kumwagiwa maji. Akaokota kiasi cha kiganja, akaifinya kwa nguvu, akafungua mkono. Ilibaki donge lenye alama za vidole vyake. Akalibonyeza kwa dole gumba, likavunjika vipande viwili safi. “Hapo maji yametosha,” alisema. Akasogea upande wa pili wa lundo, akafinya tena, ikamomonyoka yote. “Hapa bado.” Kisha akanishika mkono akaniambia nifinye mwenyewe, na nikaendelea kufinya kila penye lundo mpaka giza likaingia. Nilikuwa nimeshaandika kuhusu unyevu unaofaa kwa ushindiliaji katika zabuni zisizopungua ishirini. Sikuwahi kuushika.

Niliingia kwenye kazi hii kama mchapaji. Kampuni ilikuwa ya daraja la tano katika yale madaraja saba ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ofisi ya vyumba viwili Dar es Salaam, na mkurugenzi alikuwa akiandika zabuni kwa kalamu, mimi nachapa. Baada ya mwaka akaona kwamba nasahihisha Kiingereza chake bila kuambiwa, akaanza kuniachia aya, halafu kurasa, halafu kitabu chote.

Nasema kitabu kwa sababu kilikuwa kitabu kweli. Nakala halisi moja na nakala nyingine mbili, kila ukurasa una saini fupi na muhuri, kila moja imefungwa kwa ringi, zote ndani ya bahasha ya ndani na ya nje. Nimekesha steshenari mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, harufu ya wino wa mashine ya fotokopi imo kwenye nguo, kidole kimechubuka kwa kugonga muhuri. Alfajiri unapeleka mzigo Ubungo kuwahi basi, kwa sababu zabuni inafungwa saa nne kamili asubuhi ya kesho yake mkoani, na ikifika saa nne na dakika moja inarudishwa bila kufunguliwa.

Mwaka 2013 nilipanda basi la Songea mwenyewe, bahasha nimeipakata safari nzima, hata chakula Makambako sikushuka kula. Tuliwahi. Wakafungua mbele yetu, wakasoma jina la kila kampuni na bei yake kwa sauti, na bei yetu ikawa ya chini kuliko zote. Nilimpigia mkurugenzi simu mikono ikitetemeka. Wiki kadhaa baadaye barua ikaja kwamba tumeondolewa katika hatua ya awali: hati inayompa mkurugenzi mamlaka ya kusaini haikuwa na muhuri wa wakili. Wakili alisaini, muhuri hakugonga, na mimi ndiye niliyeikagua. Mkurugenzi hakunifokea. Aliisoma barua, akaikunja, akaiweka kwenye droo, akaniuliza kama nimekula. Mwezi ule mishahara ilichelewa na watu wawili wakaachishwa kazi. Mmoja wao alikuwa na mtoto mchanga. Tangu siku hiyo hakuna karatasi inayotoka mikononi mwangu kabla mtu wa pili, ambaye hakuiandaa, hajaipitia akiwa na orodha ya masharti pembeni. Jicho lililoandika halioni upungufu wake, limeshazoea.

Kosa hilo la muhuri kila mtu wa zabuni analo la kwake, na ni rahisi kulisimulia kwa sababu halituhusu sisi kama watu. Ni muhuri tu. Kosa la kunakili ni gumu zaidi kukiri. Sote tunanakili. Una zabuni tatu zinazofungwa wiki moja, na maelezo ya mbinu za utekelezaji ya kazi iliyopita yako palepale kwenye kompyuta. Unabadilisha jina la mradi, unabadilisha mwajiri, unabadilisha tarehe. Mwaka 2015 niliwasilisha zabuni ya madarasa mkoani Singida, na ndani yake, ukurasa wa tisa, nimeahidi kwamba kampuni itahakikisha uchimbaji hauchafui maji ya Mto Kilombero. Yeyote aliyesoma jiografia shule ya msingi anajua Kilombero iko Morogoro. Katika barua ya kutujulisha kwamba hatukushinda, kamati iliandika sentensi moja: maelezo ya utekelezaji hayahusiani na eneo la mradi. Waliomba mtu awajengee watoto wao madarasa, nikawapelekea maneno ya watu wengine. Sijawahi kuisahau sentensi ile.

Kwa hiyo ule mto uliokauka wa 2016 haukuwa ajali ya kwanza. Ilikuwa mara ya tatu kuambiwa jambo lilelile, na safari hii aliyeniambia alikuwa mbele yangu, viatu vyake vimepasuka, akifanya kazi kwa saa nyingi zaidi ili kufidia kurasa zangu.

Niliporudi Dar nilimwomba mkurugenzi ruhusa ya kitu ambacho alikiona kigeni: kabla sijaandika zabuni yoyote nikae kwanza na fomeni. Si mhandisi, fomeni. Akasema muda haupo. Nikamwambia nitautoa usiku. Zabuni iliyofuata ilikuwa ya makalavati, na Mzee alikuwa likizo kwa binti yake Mbagala. Nilikwenda Jumapili na kilo mbili za sukari. Shikamoo, marahaba, chai ikaletwa. Nikaweka simu mezani irekodi, nikamwomba anieleze kalavati linajengwaje kama anamweleza kibarua aliyeanza kazi leo.

“Kwanza unayapa maji njia,” alianza. “Unachimba mchepuo pembeni, maji yapite huko, ndipo ufukue hapa. Ukifukua kabla hujayapa njia, usiku yatakuja kulala kwenye shimo lako.” Akaendelea kwa saa nzima na zaidi. Nondo zisilazwe chini, ziinuliwe kwa vile vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi wanaviita biskuti, na biskuti zitengenezwe siku kadhaa kabla kwa zege lilelile, maana fundi akikosa biskuti ataweka kokoto, na kokoto itapenyeza maji hadi kwenye nondo. Zege limwagwe asubuhi. Magunia ya kufunikia zege yawepo saiti kabla halijamwagwa, yasiagizwe baada ya hapo, kwa kuwa yatakapofika jua litakuwa limeshafanya kazi yake. Mtu mmoja apewe kazi ya kulimwagilia zege maji kwa siku saba na asipewe nyingine, kwani ukimpa nyingine kumwagilia ndiko atakakokuacha.

Nilichapa yote kwa Kiswahili, kama alivyosema, kisha ndipo nikayageuza kuwa Kiingereza cha zabuni. Kazi ilikuwa ngumu. Sentensi ya “yatakuja kulala kwenye shimo lako” ina onyo ndani yake ambalo Kiingereza changu cha ofisini hakikuweza kulibeba, ikabidi niandike hatua kwa hatua: mchepuo utachimbwa siku gani, kwa kina gani, nani atahakikisha maji yameingia kabla kijiko hakijaanza kufukua. Lakini ndivyo inavyotakiwa. Aliyekaa kwenye kamati ya tathmini ni mhandisi, naye amewahi kuona shimo limejaa maji asubuhi. Anaposoma mzabuni anayejua magunia yanatakiwa kufika lini, anajua anasoma kampuni iliyowahi kumwaga zege. Kazi ile tulipata. Wakati huo TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilikuwa imeshaanza, 2017, na sifa ya utekelezaji mzuri ilianza kutufuata wilaya hadi wilaya.

Nikaongeza jambo moja ambalo hakuna sharti la zabuni linalolidai. Tukishinda, ile nakala ya Kiswahili naichapa upya, naiweka kwenye jalada la plastiki, naipeleka saiti. Nimeikuta imetundikwa kwenye msumari ndani ya stoo za saruji, imeandikwa pembeni kwa penseli, imefutwa mahali ambapo hali halisi ilikuwa tofauti. Masahihisho yale ya penseli nayakusanya. Zabuni inayofuata inaanzia hapo.

Kuhusu bei sina mengi, maana mwenye bei ni mkadiriaji, lakini nimekaa naye usiku wa mwisho mara nyingi vya kutosha kujua pale ambapo mkono huteleza. Ni saa tano usiku, mtu amesikia fununu kwamba kampuni fulani itaweka chini, na mkurugenzi anasema punguza asilimia saba. Inapunguzwa wapi? Saruji ina bei yake dukani. Nondo ina bei yake. Kinachokatwa ni maji, ni usalama, ni vipimo vya maabara, ni posho ya fomeni. Kila kitu kisicho na risiti. Mimi sina mamlaka ya kuzuia. Ninachofanya ni kufungua ukurasa wangu na kusoma kwa sauti ahadi inayolipiwa na fungu lile. “Tumesema boza mawili. Ukikata hapa linabaki moja. Nibadilishe niandike moja?” Mara nyingine wanaacha kukata. Mara nyingine wananiambia nibadilishe, na nabadilisha, hata kama alama zitapungua, ili saiti ipokee kilicholipiwa.

Na yapo mambo niliyokataa moja kwa moja. Kampuni moja niliyowahi kuiandikia kwa muda mfupi ilikuwa na faili la vyeti vya wahandisi ambao nusu yao walishaondoka zamani. Waliendelea kuwataja kama wafanyakazi wao. Siku moja mhandisi mmoja akanipigia, sauti ya upole kabisa: “Dada, nimeona jina langu kwenye zabuni yenu. Mimi niko Kahama, nafanya kazi kwingine, na kampuni yangu nayo imeniweka kwenye zabuni hiyohiyo.” Nilijisikia vibaya sana. Cheti kile ni miaka ya maisha ya mtu, na namba yake ya usajili ikichafuka ni yeye atakayejieleza mbele ya bodi yake. Nilimwomba radhi, nikaandika barua ya kuacha kazi ile wiki hiyohiyo. Leo hakuna wasifu ninaouambatisha kabla sijampigia mwenyewe simu na kumweleza ni kazi gani, iko wapi, na itaanza lini.

Mambo yamebadilika tangu enzi za bahasha. Zabuni za serikali zilipohamia mtandaoni, na hasa mfumo wa NeST ulipoanza 2023, basi la alfajiri liliisha, ringi ziliisha, na muhuri wangu umekauka wino. Taarifa za kampuni, wafanyakazi na mitambo zimo kwenye mfumo, na muda ukifika dirisha linajifunga lenyewe. Hakuna wa kumbembeleza. Nimeupokea kwa furaha. Binti anayeishi Tunduru mwenye kampuni ndogo hana haja ya kulala gesti mjini ili kutumbukiza karatasi kwenye sanduku. Lakini wepesi ule umefanya kunakili nako kuwe kwepesi, na vijana ninaowafundisha sasa wanaweza kuandaa zabuni nne kwa siku bila kusimama kutoka kwenye kiti. Ninawaruhusu kuandika haraka. Siwaruhusu kuandika jina la mto, kilima au machimbo ambayo hakuna mtu wetu aliyeyafikia.

Mzee amestaafu, yuko Njombe, analima viazi. Aprili iliyopita nilikuwa na zabuni ya matengenezo ya barabara, na siku ya kutembelea eneo la mradi nilisimama kwenye daraja dogo nikiangalia mto uliojaa hadi kwenye nyasi. Nikampigia. Tulisalimiana kwa kirefu, nikamweleza ninachokiona.

“Mwezi wa nne kila mto una maji,” alisema. “Kawaulize wanaochota.”

Kando ya daraja palikuwa na mama ntilie mwenye banda la makuti na sufuria mbili za maharage. Nilinunua chakula, nikakaa, nikamuuliza mwezi wa kumi anapikia maji ya wapi.

“Mwezi wa kumi?” Akacheka, akanionyesha mchanga wa ukingoni kwa mwiko. “Tunachimba hapo chini, dada, unaingiza mkono mpaka begani, unachota kwa kikombe. Ndoo moja nusu saa. Wenye magari wanaenda bwawani, kule kijiji cha mbele, lile halikauki.”

Tulikwenda hadi bwawani. Niliangalia mita ya gari tukiondoka darajani na nikaiangalia tena tulipofika. Kisha nikampigia mkadiriaji ofisini, nikamwambia kwenye maji aweke kilomita 14. Akasema ramani inaonyesha mto ndani ya mita mia tatu, na kwamba kwa kilomita 14 bei yetu itapanda. Nikamwambia nimetoka kula na anayechota.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Kumi na nne kwenda tu, au kwenda na kurudi?”